Jina Juu ya Mlango

Jina Hasselblad halina matamshi mamoja Nairobi. Fundi wangu wa kamera pale Luthuli husema Hasibladi, kana kwamba ni mtu anayemfahamu, tena mkorofi kidogo. Vijana wa kupiga picha za harusi husema Hasel, basi. Mzee aliyekuwa akiniuzia filamu Biashara Street alilitamka lote, polepole, kama anayehesabu noti za elfu.

Zamani ungeweza kuishi maisha yako yote hapa bila kuliona jina hilo likiandikwa popote. Sasa linaning'inia hewani juu ya harusi zetu, kwa herufi ndogo kwenye jicho la droni. Liko pia nyuma ya simu za Oppo, kando ya lenzi. Juzi bwana harusi mmoja alinionyesha simu yake akaniuliza kama kamera yangu nayo ni "ya hiyo kampuni ya simu". Nikamwambia ndiyo. Bibi arusi alikuwa tayari anashuka kwenye gari, na habari yenyewe ni ndefu.

Habari yenyewe ni hii: Hasselblad ni ya Gothenburg, mji wa bandari wa Uswidi, na bado kamera zake zinaundwa huko. Lakini tangu mapema mwaka 2017 mwenye sehemu kubwa ya hisa ni DJI, kampuni ya droni ya Shenzhen, Uchina. Wapiga picha wa rika langu wakikaa kwenye kahawa wanalizungumza jambo hili kama msiba. Wachina wamechukua. Imekwisha ile. Ukiuliza imekwisha vipi, hupati jibu la maana, unapewa lile tikisiko la kichwa tunalolitoa pia tukizungumzia barabara.

Mimi sikubaliani nao, ila si kwa sababu naona mambo yako sawa. Naona wanalilia chumba kisicho na maiti.

Nyumba ya Hasselblad haikuanza kwa kuunda chochote. Ilianza mwaka 1841 kama duka la wafanyabiashara, F. W. Hasselblad & Co., kazi yao kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo na kuziuza kwao. Mwana wa ukoo, Arvid Viktor, alipenda picha, akaingiza vifaa vya picha dukani, na kutoka mwishoni mwa miaka ya 1880 wakawa mawakala wa bidhaa za George Eastman, yule wa Kodak. Mtu wa Mombasa haelezwi kazi hiyo mara mbili. Meli inafika, unalipa ushuru, unapanga mali kwenye rafu, unaandika jina lako juu ya mlango ingawa hakuna hata kimoja humo ndani ulichokitengeneza wewe.

Kuunda kulikuja na Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la anga la Uswidi lilikuwa na kamera ya Kijerumani ya kupigia picha kutoka ndegeni, likamwuliza Victor Hasselblad, wa kizazi cha baadaye, kama angeweza kutengeneza kama ile. Inasimuliwa alijibu kwamba kama ile hawezi, ila iliyo bora kuliko ile anaweza. Vita vilipokwisha akaunda ya raia. Aliitoa New York mwaka 1948, nayo ilikuwa na lenzi ya Kodak. Baadaye lenzi zikawa za Zeiss, Mjerumani. Mwaka 2002 walipoanza mfumo mpya wa H waliuunda pamoja na Fujifilm ya Japani. Kihisi kilichomo kwenye kamera zao za leo ni cha Sony. Kwa hivyo huyo Mswidi safi anayeliliwa sijui alizaliwa lini.

Lakini pale katikati palikuwa na kitu, na hicho ndicho ninachokitetea. Mwaka 1957 walitoa kamera inayoitwa 500C. Yangu ni ndugu yake mdogo, 500C/M, niliinunua mwaka 2014 kwa mjane mmoja wa Ngara, mumewe alikuwa akipiga picha za pasipoti na mahafali. Ni sanduku. Huitazami kwa kuinua hadi jichoni, unaishika kifuani na kuinama, kama anayechungulia kisima, na ndani ya kioo mtu wa kulia yuko kushoto. Filamu moja, picha kumi na mbili, basi. Nyuma inatoka, lenzi inatoka, kioo cha kutazamia kinatoka; ukimaliza kuitenganisha mezani unabaki na kijisanduku kitupu chenye kioo, ukubwa wa kibati cha majani ya chai.

Marubani wa anga za juu waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1962 Wally Schirra alijinunulia yake dukani Houston akaenda nayo angani. Miaka saba baadaye Armstrong na Aldrin walikuwa na Hasselblad mwezini. Safari zote za Apollo zilizotua huko zilirudi na nyuma za kamera, zile zenye filamu, na miili ya kamera ikaachwa ili kupunguza uzito, watu wapate kubeba mawe. Kamera kumi na mbili ziko huko hadi leo. Huwa nawaambia wateja wanaolalamika kwamba albamu ni ghali: hata NASA ilipobidi kuchagua, ilitupa kamera ikabeba negativu.

Kamera yangu ina tabia moja mbaya, inayojulikana dunia nzima. Ukitoa lenzi kabla hujakaza springi, mwili na lenzi vinapoteza mpangilio na mashine nzima inafunga. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mara ya kwanza ilinifungia nikiwa na ubatizo kesho yake. Nikaikimbiza Luthuli. Fundi hakuvaa hata miwani. Alitoa nyuma, akaingiza bisibisi nyembamba kupitia tumbo la kamera, akazungusha kiskurubu kilichoko kule mbele mpaka kikalia tak, akanirudishia.

"Hii kitu haifi, madam," akasema. "Hii ni chuma. Ikikataa, inakataa kama mtu, unaongea nayo."

Nikamwuliza kuhusu zile mpya za kidijitali. Akacheka. "Hizo ni kompyuta zimevaa lenzi. Ikizima, mimi nitakuambia pole."

Nimeyawaza maneno yake kuliko makala zote nilizosoma kuhusu hisa za kampuni hiyo.

Maana tukizungumzia hisa, mambo ni hivi. Victor Hasselblad aliiuza kampuni mwenyewe mwaka 1976. Hakuibiwa. Yeye na mkewe Erna hawakuwa na watoto. Alifariki mwaka 1978, na mali aliyoacha ikaanzisha wakfu unaobeba majina yao wote wawili, ambao tangu mwaka 1980 hutoa tuzo kubwa ya upigaji picha. Kampuni ni kitu kimoja na wakfu ni kitu kingine. Mwaka 2003 tuzo hiyo ilikwenda kwa Malick Sidibé wa Bamako, Mwafrika wa kwanza kuipata, mzee wa studio, ambaye pamoja na umaarufu wake wote alikuwa pia fundi wa kukarabati kamera, rafu zake zimejaa kamera za watu. Nikiona picha za studio yake namwona yule fundi wangu.

Kampuni nayo ikaanza kutembea. Ilipita kwa wenye mitaji wa Uswidi kwenyewe. Mwaka 1996 ikaenda kwa benki ya UBS ya Uswizi na Cinven, mfuko wa uwekezaji wa Uingereza, pamoja na mameneja wenyewe. Mwaka 2003 ikaenda kwa kundi la Shriro la Hong Kong. Mwaka 2011 ikachukuliwa na Ventizz, mfuko mwingine wa Ulaya. Mwaka 2015 DJI wakanunua hisa chache, halafu wakaongeza. Hesabu wewe mwenyewe ni wageni wangapi walikwisha kuingia nyumba ile kabla Mchina wa droni hajabisha hodi.

Aibu kubwa kuliko zote katika historia ya jina hilo haikuletwa na Shenzhen. Ilikuja mwaka 2012, zama za Ventizz, kwenye maonyesho ya Photokina kule Cologne. Kamera ikaitwa Lunar, ili ukumbuke mwezi. Ndani ilikuwa Sony NEX-7, kamera nzuri tu iliyokuwa ikiuzwa madukani. Nje waliivisha mshiko wa mbao, ngozi, na maringo mengine, bei ikawa kama yuro 5,000, mara kadhaa ya bei ya ile Sony. Ni sawa na kuchukua Probox, kuishonea viti vya ngozi, kubandika nembo, na kumwomba mtu bei ya Prado. Dunia ilicheka. Mwaka uliofuata wakatangaza mwisho wa ukoo mzima wa kamera kama yangu.

Halafu mwaka 2016 ikaja X1D, ndogo, tulivu, ya kihisi kikubwa, isiyo na kile kioo cha ndani, ya kwanza ya aina yake. Ilibuniwa Gothenburg, nayo ilitoka DJI wakiwa tayari wana hisa humo. Chini ya DJI zikafuata nyingine, mpaka X2D ya mwaka 2022 yenye megapikseli 100. Niliwahi kuishika kwa saa mbili, ya mtu, kwenye kazi ya matangazo Karen. Nilimpiga picha mpishi wa pale, mwanamke mweusi tititi aliyesimama kando ya sufuria nyeusi, mwanga wa dirishani peke yake, na ngozi yake ikatoka ilivyo. Haikuwa kijivu, haikuwa ya chungwa. Nimepiga picha watu weusi miaka kumi na mitano kwa mashine zilizotengenezwa na watu waliokuwa wakiwaza watu wengine. Najua nilichokiona.

Basi siwezi kulia na wenzangu. Mgeni aliyekuja na fedha za kuunda kamera ni afadhali kuliko jirani aliyekuja na gundi ya kubandika nembo. Na sisi hapa, tusisahau, tumezoea. Tunainua chupa yenye ndovu tukijiita wazalendo, na hisa nyingi za kampuni yake ziko mikononi mwa wageni kwa miaka mingi.

Kinachonitia hofu ni kingine. Baba yangu hakuwahi kuwa na Hasselblad. Alikuwa na picha yake, aliyoikata kwenye gazeti la nje, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa za kusafishia filamu. Kamera yake ilikuwa Yashica-Mat, Mjapani wa macho mawili, na kwa hiyo aliendesha studio Mombasa, Kibokoni, kuanzia mwaka 1968 hadi macho yake mwenyewe yalipokataa. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walipigwa picha na Yashica ile. Arubaini, maulidi, timu za mpira, mabaharia wanaoondoka, wanawake wanaotaka kumtumia mume aliyeko Maskati ushahidi kwamba mtoto anakua.

Na Yashica yenyewe imepatwa na nini? Mwaka 1983 ilimezwa na Kyocera. Mwaka 2005 Kyocera wakasema kamera basi. Karakana zikafungwa, na jina, jina tupu, likauzwa kwa watu wa Hong Kong. Mwaka 2017 likatokea tena kwenye intaneti, likiomba watu wachange fedha: Yashica Y35, kamera ya plastiki ya kidijitali ambayo unaitia kibweta mfano wa filamu kisicho na filamu ndani, halafu unaivuta kwa kidole kana kwamba unasogeza kitu. Walionunua walilalamika sana. Nilipoiona nilishukuru baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo ninapochora mstari. Jina la Hasselblad limeuzwa mara nyingi, lakini kila lilipouzwa liliuzwa pamoja na karakana, watu wanaojua kusaga chuma, mabenchi, kumbukumbu. Jina la Yashica liliuzwa likiwa peke yake, kama sahani ya namba iliyong'olewa kwenye gari. Kwa hiyo nikisikia kuhusu mustakabali wa Hasselblad siulizi pasipoti ya mwenye hisa. Nauliza kama Gothenburg bado kuna mtu mwenye bisibisi. Nauliza pia jina linabandikwa kwenye vitu vingapi ambavyo mtu huyo hajavigusa, na hapo jibu silipendi. OnePlus walilichukua mwaka 2021, Oppo mwaka uliofuata, na katika simu hizo kazi ya Waswidi ni rangi zaidi kuliko kioo. Mwaka 2025 OnePlus wameliacha. Jina ambalo linaweza kuvaliwa kwa miaka minne na kuvuliwa limekwisha kuwa shati.

Siasa nayo imo. Mwaka 2020 Marekani iliiweka DJI kwenye orodha ya makampuni ambayo Wamarekani hawaruhusiwi kuyauzia teknolojia hivihivi, na tangu hapo ugomvi umezidi. Mtu wa Gothenburg anaweza kuamka asubuhi akakuta kamera yake imeingia kwenye kesi ya droni. Tajiri akipigwa, watu wa nyumbani mwake wote hulala njaa. Lakini ingekuwa vivyo hivyo na tajiri wa Frankfurt.

Nayasema haya yote kwa kuwa mezani pangu kuna mkataba. Kampuni moja ya matangazo, wenyewe wako Dubai na Nairobi, inataka kununua asilimia 60 ya studio ya baba. Tangu afariki inaendeshwa na kaka yangu, na haiendi vizuri. Pasipoti zinapigwa Huduma Centre, harusi zinakuja na watu wao, na waliobaki wana simu. Wanunuzi wanalitaka jina. Wamesema wazi wala hawakuficha: jina la mwaka 1968, ubao wa zamani wenye maandishi ya rangi ya bluu, pazia la nyuma lenye ndege iliyochorwa. Watafungua nyingine Westlands na nyingine Diani. Watalii watavalishwa kanga na kofia za kufuma wapigwe picha za rangi ya majani ya chai.

Kaka anataka tuuze. Simlaumu, yeye ndiye anayelipa kodi ya nyumba ile.

"Dada, hebu niambie," alinipigia Jumapili, "wewe wataka nini hasa? Jina lakaa palepale mlangoni. Hata rangi hawabadilishi. Wewe uko huko Nairobi, mimi ndiye nishindaye hapa natazama barabara."

"Najua."

"Basi shida i wapi? Au kwa sababu ni Waarabu wa Dubai?"

"Ingekuwa ni hao tu ningesaini jana."

Nikamwomba anisomee ule ukurasa wa mwisho, orodha ya vitu vinavyouzwa. Akasoma. Jina. Ubao. Pazia la ndege. Taa nne. Viti vya mbao. Ukurasa wa Facebook na wafuasi wake. Yashica, "kwa ajili ya mapambo". Nikangoja.

"Na negativu?"

"Zipi?"

"Kaka. Zile zilizoko juu, darini."

Akanyamaza kidogo. Maboksi arubaini na moja, mengi ya viatu vya Bata, yameandikwa mwaka kwa mkono wa baba, na ndani ya kila bahasha jina la mtu na tarehe. Hazimo kwenye orodha. Hawakuzitaka wala hawakuzikataa, hawakujua zipo. Na kifungu cha saba kinasema kila kilichomo ndani ya jengo siku ya kukabidhiana na hakikutajwa kitahesabiwa taka, mnunuzi atakiondoa kwa gharama yake.

Mama yupo, ana miaka themanini na mbili, tukamwuliza. Yeye alikuwa akizipaka rangi picha kwa mkono enzi zile, mashavu na vitambaa. Akasema studio tuuze tu, miguu ya watu haipandi tena ngazi zile. Halafu akasema mwezi uliopita alikuja mtu kutoka Lamu akitafuta picha ya babake, aliyezama na jahazi mwaka 1979, hana hata moja. Alikuja na jina na mwaka tu. Mama akamtuma kijana darini, saa nzima, akashuka nayo.

Wakili nimempa kifungu kipya. Negativu zinabaki mali ya familia, pamoja na Yashica, na chumba cha nyuma tutakikodi sisi kwa wanunuzi kwa miaka kumi, mtu akija na jina na mwaka ahudumiwe. Pia nimeandika kwamba jina lisitumike mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyeajiriwa, mtu mzima mwenye mshahara, si kibanda cha kujipiga mwenyewe. Wakili aliniambia hicho cha mwisho watakikataa. Nikamwambia akiache hapohapo wakikatae wao, kwa maandishi.

Nashuka Mombasa Ijumaa kwa treni ya usiku. Kaka nimemwambia asiruhusu mtu kuyasogeza maboksi kabla sijafika, hasa lile la 1974, limetobolewa na panya chini na likiinuliwa vibaya bahasha zote zitamwagika.